Msituite "Waliobaki"

Wasomaji wenzangu, safari hii sileti hadithi. Naleta ugomvi. Nagombana na kitu ambacho wengi wenu mnakipenda na nadhani baadhi yenu mmeshakitungia mashairi: ziara ya shule. Ile siku ya basi, nyimbo, mikono nje ya madirisha, konda anafoka, mwalimu anajifanya hasikii. Nasema hivi, na atakayenuna na anune: ziara isiyochukua darasa zima si ziara ya mafunzo. Ni biashara ya utalii iliyovalishwa sare za shule.

Najua nimeanza kwa ukali. Lakini tuhesabu kwanza, mtanihukumu baadaye.

Mwaka 2010 nilikuwa darasa la tano katika shule moja ya msingi ya serikali wilayani Temeke, jina lake naliweka mfukoni. Mkondo wetu ulikuwa na watoto 94, tukikaa wanne wanne kwenye dawati la watu wawili. Ikatangazwa safari ya Bagamoyo, mchango shilingi 12,000, soda ndani yake. Mama alikuwa anakaanga vitumbua asubuhi na kufua nguo za watu mchana. Elfu kumi na mbili kwake ilikuwa na kazi zake tayari, na zote zilikuwa zinapiga kelele kuliko Bagamoyo. Siku ya siku wakapanda basi watoto 41. Tukabaki 53.

Sasa sikilizeni lugha. Wale 41 waliitwa "darasa la tano". Sisi 53 tuliitwa "waliobaki". "Darasa la tano wapange mstari hapa getini, waliobaki wakamwagilie maua." Mimi na hesabu hatujawahi kuelewana, lakini hata mimi najua 53 ni kubwa kuliko 41. Imekuwaje walio wengi wawe makapi, na wachache ndio wawe darasa? Nani aliyepiga hesabu hiyo, na alisomea chuo gani?

Watu wakisikia habari kama hii husema, "Ah, mtoto alikosa kuona bahari." Jamani, bahari tulikuwa nayo. Temeke na bahari ni majirani. Na Bagamoyo yenyewe hatukuijua, mtu hawezi kulilia asichokijua. Tulichokosa si Bagamoyo. Kutengwa kulianza wiki tatu kabla ya basi kuja. Kulianza ubaoni, kwenye orodha ya majina upande wa kulia, ambako kila asubuhi aliyelipa aliwekewa alama ya vema. Kila asubuhi! Hata tukiwa kwenye somo la sayansi orodha ile ilikuwa inatutazama. Unajifunza sehemu za ua huku jina lako liko uchi mbele ya watu 93.

Hapo ndipo mtoto anapofundishwa kusema uongo, na ni mafunzo mazuri kweli, hakuna anayefeli. Mmoja alisema baba yake kasafiri na funguo za kabati. Mwingine alisema Bagamoyo ameshakwenda mara nyingi, bibi yake yuko huko, amechoka nayo. Mimi nilisema natapika kwenye gari. Mwalimu alijua. Sisi kwa sisi tulijua. Ila hakuna aliyethubutu kutamka neno lenyewe, kwamba nyumbani hakuna pesa, kwa sababu shule ilishatutafutia neno la adabu zaidi: "ambao hawako tayari". Hatukuwa tayari! Tungekuwa tayari zaidi ya pale vipi? Kuna wenzangu walikuja siku ile wamepiga pasi sare zao, viatu vimepakwa mafuta ya kula ving'ae, na mfuko wa Rambo mkononi una chapati mbili, wakitumaini tu kwamba dakika ya mwisho mwalimu atasema ingieni. (Mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019. Mazoea mengine bado yapo.)

Basi likaondoka. Tukamwagilia maua.

Na msidhani iliishia hapo. Safari ni ya siku moja lakini masimulizi yake ni ya muhula mzima. "Unakumbuka pale Kaole, kwenye mbuyu?" Cheko! Hata wakati wa mapumziko michezo ilibadilika. Palizaliwa mchezo mpya wenye maneno ya huko huko, na usipoyajua unashika kamba wenzako waruke. Urafiki wa dawati ukavunjika na mwingine ukaundwa, kwa kufuata nani alikaa na nani kwenye siti. Mtu mzima anaona ni mambo madogo. Mtu mzima huyo huyo akikosa kadi ya mwaliko wa harusi ya jirani anaacha kusalimia miaka miwili.

Wiki iliyofuata mwalimu wa Kiswahili akaandika ubaoni: INSHA. SAFARI YETU YA BAGAMOYO. Kwa darasa zima. Wote 94.

Hapo nawaombeni mtulie, maana hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi tunaojiita waandishi.

Niliandika. Nilimpa mmoja wa wasafiri nusu kitumbua, naye akanipa maelezo: magofu, makaburi ya mawe, msalaba karibu na bahari, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, mahali ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Nikaongeza upepo wangu, nikaongeza mawimbi, nikamweka mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akisuka nyavu. Nikapata 17 kwa 20. Yule aliyeniuzia maelezo, aliyekwenda kwa miguu yake na kuona kwa macho yake, aliandika habari za soda na za mwenzao aliyetapika kabla hawajafika Bunju. Alipata 9. Na yake ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Lakini jirani yangu wa dawati aliandika hivi: "Mimi sikwenda Bagamoyo. Nilimwagilia maua." Basi, nukta. Akapewa sifuri, na chini yake kwa wino mwekundu: "Hujajibu swali." Na fimbo mbili juu yake, kwa utovu wa nidhamu.

Nimelitafakari jambo hilo miaka yote hii. Mtoto wa miaka 11 ameambiwa aeleze safari, akaeleza ukweli wake wote kwa sentensi mbili zisizo na kosa hata moja la sarufi, akachapwa. Mimi niliyebuni mzee wa nyavu nikasomewa mbele ya darasa. Shule ilitutoza mara mbili: kwanza ilituacha, halafu ikatutaka tuandike kana kwamba hatukuachwa.

Kuna kaka mmoja, yeye ana vitabu viwili vimeshatoka, nilipomsimulia mkasa huu alinipigapiga begani akasema, "Dogo, unaona? Hapo ndipo ulipozaliwa mwandishi." Watu wakacheka vizuri, wakaagiza chai nyingine. Mimi sikucheka. Potelea mbali na ngano hiyo! Tulibaki 53. Kama kuachwa ndiko kunakozaa waandishi, wako wapi wale wengine 52? Mbona sijaona riwaya zao pale Mtaa wa Samora, wala kwa wauza vitabu vya mitumba? Ninaowajua mmoja anaendesha bodaboda, mmoja ana genge la nyanya, mmoja alikufa, na jirani yangu wa dawati aliacha shule darasa la sita. Sisemi aliacha kwa ajili ya insha. Nasema tu kwamba yeye alikuwa anaandika vizuri kuliko mimi, na hatumsomi. Mimi mwenyewe mwandishi gani? Nina kaunta buku tatu za kwaya tatu chini ya godoro na cheti cha kidato cha nne ambacho hata mbu hakimtishi. Msiuremba umaskini wa watoto mkaufanya jiko la sanaa. Ni tabia ya waliokwisha shiba.

Sasa nije kwa utetezi, maana najua mwalimu mmoja anasoma hapa na ameshakunja ngumi.

Utaniambia, Mwalimu, basi si lako, mwenye basi anataka chake kabla ya kuwasha injini, na hakuna aliyekupa fungu la safari. Kweli tupu. Sina ugomvi na wewe kwa kukosa fedha, hata wewe unazikosa. Ugomvi wangu ni kwamba ulichagua mahali kabla ya kuangalia una watoto gani. Ulianza na Bagamoyo, kilometa kama 70, halafu ukauliza nani anaweza. Ungeanza na watoto, halafu ukauliza wapi tunaweza kufika wote.

Na pa kufika palikuwepo. Kutoka shuleni kwetu ungeweza kutupeleka kwa miguu hadi stesheni ya TAZARA, kwa mwendo wa watoto, tukiimba. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, inakwenda kilometa 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Haya, hilo si somo? Historia ipo, jiografia ipo, hesabu ipo, na siasa ya ukombozi wa kusini ukipenda. Tungesimama tu pale tukatazama vyuma vinavyokwenda mpaka nchi nyingine. Ama soko la samaki la Feri, ambako mtoto anaona mnada, mizani na uchumi mzima kabla ya saa nne asubuhi. Ama Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, ambako kuna habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni ndogo, kila mtu anajua, ndiyo maana makonda wanatusukuma mlangoni. Kwa hela ya basi moja la Bagamoyo mngewapeleka hao wote 94 mjini na kuwarudisha, na pengine ikabaki ya muhogo wa kukaanga.

"Lakini hao 41 wana kosa gani?" Hawana. Na si kwamba walikuwa watoto wa kishua, msinielewe vibaya. Hakuna mtoto wa kishua aliyekaa wanne kwenye dawati moja. Mama wa mmoja wao aliweka vitenge rehani kwa mpangaji mwenzake ili mwanawe asiaibike. Kwa hiyo hata waliokwenda, wengine walikwenda kwa hofu. Nao wanaoona Bagamoyo ni lazima, mabasi ya huko yapo kila siku, mzazi ampeleke mwanawe Jumamosi, amnunulie na pweza. Ikitoka kwa jina la shule, kwa sare ya shule, siku ya masomo, na insha juu yake, hapo ni mali ya darasa. Ama wote, ama hakuna.

Halafu kuna wanaosema haya ni ya zamani. Wananitajia sera. Sera nazijua, asanteni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akalalamika kwamba elimu ya mkoloni inawagawa watu na kufundisha kila mtu kujiangalia mwenyewe. Mimi nilipokuwa shule ya msingi ada ilishafutwa tangu enzi za MMEM. Ukaja Waraka Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila malipo mpaka kidato cha nne. Januari 2018 Rais Magufuli akasimama akapiga marufuku michango mashuleni, sauti yake wote tuliisikia. Vizuri. Ila mchango ukifukuzwa mlangoni unazunguka nyuma ya nyumba na kuingilia dirishani, na ukishaingia umebadili jina. Sasa hivi unaitwa "hiari". Safari ya hiari. Mwambie mtoto wa miaka 9 kwamba ni hiari, uone kama hiari yake inauzwa dukani.

Tena siku hizi kumeongezeka ufundi. Mwaka jana mpwa wangu, anasoma shule moja ya binafsi ya uswahilini, zile ambazo dada na shemeji wanajinyima nyama ili mtoto aseme "good morning", alikwenda Mikumi. Tulichanga ukoo mzima. Tukafurahi: huyu hatabaki. Na hakubaki, alipanda basi, akaketi, akaimba. Njiani wakasimama kwenye hoteli. Mwalimu akatangaza: waliolipia chakula washuke, ambao hawakulipia chakula wasubiri kwenye gari. Barua ilikuwa na mistari miwili, nauli na chakula, na sisi ukoo mzima tulikuwa tumechangia mstari mmoja. Dada alimfungia chapati na maharage kwenye kopo. Hakulifungua. Kufungua kopo lile peke yako, kwenye siti, huku wenzako wanaonekana dirishani na sahani zao, jamani, mnataka nieleze zaidi?

Aliporudi nikamwuliza habari za wanyama. Hifadhi ya mwaka 1964 hiyo, barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati yake, hata abiria wa basi la kawaida anaona twiga na swala bila kulipa kiingilio. Nilitaka anisimulie tembo. Akaniambia, "Anko, 18 walikula kuku, 5 walikula samaki." Alikuwa amewahesabu wote kupitia dirishani. Tembo alimkumbuka baadaye, nilipomkumbusha mimi.

Kwa hiyo kuna kuachwa getini na kuna kuachwa ndani ya basi. Mimi nimeonja la kwanza, mpwa wangu la pili, na nikipima naona lake ni baya zaidi. Mimi nilikuwa na wenzangu 52 na ndoo za maji, tukamwagiana, tukacheka, ikapita saa. Yeye alikuwa na kopo tu.

Nageukia kwenu sasa, waandishi wa rika langu, masela wa kalamu. Nimesoma hadithi nyingi zinazoletwa hapa na kwingine. Shujaa anatua uwanja wa ndege. Shujaa anakunywa kahawa Masaki na mrembo ambaye jina lake halipo katika ukoo wowote wa Tanzania. Shujaa anapambana na jini kabati. Sina neno, na jini ni mtu. Lakini niambieni, wangapi kati yenu mlikwenda safari zote za shule? Nyoosheni mikono. Naona michache. Sasa mbona wote mnaandika kama mliokaa siti ya mbele? Tunaandika insha ile ile ya mwalimu. Bado tunamtafuta mzee wa nyavu mwenye ndevu nyeupe ili tupate 17. Tunaogopa sentensi ya "mimi sikwenda" kwa sababu tunakumbuka ilipata ngapi.

Mimi nimeacha. Riwaya niliyokuwa naandika, ya mpelelezi anayekwenda Nairobi (Nairobi ambako sijawahi kukanyaga), nimeifunga. Nimeanza nyingine kwenye kaunta buku mpya, sura ya kwanza watoto 53 wanamwagilia maua. Wahariri wa hapa wameshaniambia haina tukio. Tutabishana nao.

Juzi mpwa wangu kaleta barua nyingine kutoka shuleni. Safari ni Bagamoyo, eti dunia haina mahali pengine. Kuna mstari wa nauli, mstari wa chakula, na safari hii kuna mstari wa fulana. Mwisho wa kulipa Ijumaa. Dada ameanza kupiga simu kwa mashangazi. Nimemwomba asimpigie mtu kwanza. Nimekaa nimemwandikia mwalimu mkuu barua kwa mkono, ukurasa mmoja, kwa heshima zote, shikamoo ikiwa juu. Nimemwuliza mambo matatu tu: darasa lina watoto wangapi, watakaopanda basi ni wangapi, na watakaobaki wataandikiwa insha gani. Dada anasema nitamponza mtoto. Shemeji amesoma mara mbili, hakusema kitu, akaniomba kalamu na kuweka sahihi yake chini ya yangu. Naipeleka Jumatatu asubuhi kabla ya kengele.